Mistari Niliyoijaza Bila Kupima

Kabeza, Jumamosi alasiri

Keza mwanangu,

Umekwenda Muhima kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili na kubebeshwa kitenge usichokihitaji. Kwa hiyo nina saa tatu, pengine nne. Baba yako amerudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na udongo mpaka magotini, ameoga, sasa amelala kwenye kochi na redio inajisemea peke yake. Sanduku lako liko karibu na mlango. Nimelifungua mara mbili na kulifunga, sikuongeza kitu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na kalamu, maana mambo mengine nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza.

Sitakuandikia habari za kula, wala za kulala, wala za joto la Dar es Salaam. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunijibu, "Yego Mama, nimesikia," kabla sijamaliza sentensi. Wala sitakukumbusha sheria ya nyumba hii, kwamba anayesafiri akifika mtu wa kwanza kumpigia simu ni mimi, kabla ya marafiki na kabla ya kuvua viatu. Hiyo unaijua tangu ulipoanza shule ya bweni, na siku moja ulipoisahau nilimpigia mkuu wa shule mpaka akakutoa darasani.

Ninachokuandikia ni jambo nililokaa nalo miaka kumi na mitano. Linahusu kazi unayokwenda kuifanya, na linahusu mwandiko wangu.

Unakumbuka ile Jumapili ulipokuja na kompyuta ya ofisi? Ulikuwa umepata kazi wiki ile ile na hukuweza kutulia kwenye kiti. Ulitueleza, mimi na baba yako, kwamba ofisi yenu ya Dar es Salaam inakusanya rejista za kliniki za wajawazito kutoka vituo vingi vya afya, hata vya huku kwetu. Zinapigwa picha, kisha hii mnayoiita akili mnemba inazisoma zote na kujifunza ni mwanamke yupi anaelekea kwenye hatari kabla hatari haijamfikia. Baadaye mkunga atajaza majibu kwenye simu, na simu itamwambia, huyu mpeleke hospitali leo, huyu arudi nyumbani. Nilikusikiliza na moyo ukanijaa. Nilikuwa mkunga miaka ishirini na nane, na kwa miaka yote hiyo nilitamani mtu wa kuninong'oneza hivyo.

Kisha ukaigeuza kompyuta upande wangu. "Mama, angalia. Hii ni rejista yako."

Ilikuwa yangu kweli, kutoka kile kituo cha pembezoni mwa mji, upande wa kuelekea Bugesera. Ukaniambia kwa fahari, "Mwandiko wako ndio mashine inausoma bila shida yoyote. Na hakuna nafasi hata moja iko wazi. Za mzee Faustin tumeziweka pembeni kwanza, zina mapengo mengi."

Nilikuambia masista walionifundisha Karagwe walinichapa fimbo nyingi kwa ajili ya mwandiko huo. Baba yako akasema angeuoa mwandiko huo hata kama usingekuja na mwanamke. Tulicheka wote watatu. Halafu nikaja huku jikoni kupakua chakula, nikasimama mbele ya sufuria nikasahau nilichofuata.

Rejista ile haina nafasi wazi kwa sababu nilizijaza. Nyingine nilizijaza bila kupima.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne. Wanawake walifika asubuhi mapema kutoka mashambani, wengi kwa miguu, wakajaa benchi na veranda na kivuli cha ukuta wa nje. Kipimo cha presha kinachofanya kazi kilikuwa kimoja, na wodi ya wazazi ilikihitaji pia. Siku nyingine kilikuwa wodini. Siku nyingine kile kitambaa chake cha kufunga mkononi kilikuwa kinavuja hewa, na kipimo chenyewe kimepelekwa kwa fundi. Na ukutani juu ya meza yangu palibandikwa imihigo yetu, zile ahadi za kazi tunazoziwekea sahihi kila mwaka. Mojawapo ilisema kila mjamzito atapimwa presha kila anapohudhuria. Kila mmoja. Nilitia sahihi pale kwa mwandiko huo huo safi.

Mara ya kwanza alikuwa mwanamke mmoja tu, wa mwisho kwenye foleni, jua kali na yeye ana safari ndefu. Nilimtazama. Macho maangavu, viganja vyekundu, anatembea vizuri. Nikaandika 120/80. Nilijiambia kwamba mimi mjamzito namsoma kwa kumwangalia, na kweli nilikuwa na jicho, hata wenzangu walisema. Baadaye wakawa watatu kwa siku. Baadaye ikawa benchi zima. Nilipoona 120/80 zimefuatana mno kwenye ukurasa, nikaanza kuzibadilisha ili zionekane zimepimwa. 110/70. 116/74. 118/76.

Hapo nataka usimame kidogo, Keza. Mtu aliyechoka huruka mstari. Mtu anayechagua tarakimu ili zifanane na kweli anajua anachokifanya. Nilijua, na imihigo haikuniambia nidanganye, ilikuwa karatasi tu.

Mzee Faustin, tuliyekuwa tunapokezana zamu, hakuwahi kufanya hivyo. Mwandiko wake ni wa kuku, unavyouona, lakini kipimo kisipokuwepo alichora kistari kifupi na kuendelea na kazi. Mkaguzi alipokuja alifungua rejista yake, akaona vile vistari, akamuuliza mbele yetu sote kama anadhani imihigo ni mapambo ya ukuta. Kisha akafungua yangu, akaipitisha mikononi mwa wenzangu waone mfano. Faustin alinitazama. Alikuwa anajua, maana siku ambazo kipimo hakikuwepo kwake hakikuwepo kwangu pia. Alichukua rejista yake, akarudi kazini. Mimi nilipokea pongezi, na jioni nikakuletea mandazi.

Sasa nikueleze habari za Vestine. Umewahi kumwona mara moja, nami nitafika hapo.

Alikuwa mkulima wa upande wa Gahanga, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Jumanne hiyo alikuwa katikati ya foleni. Nilimuuliza hali, akajibu kama wanawake wetu wote wanavyojibu, "Nta kibazo," hakuna tatizo. Unawajua. Tumelelewa kwamba anayelia wakati wa uchungu anawaaibisha wa kwao, na anayelalamika kliniki anajidekeza. Nikamuuliza kichwa. Akasema kinamgonga kidogo, ni jua tu. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimezama kwenye miguu iliyovimba. Niliviona. Kipimo kilikuwa wodini, hatua kama arobaini kutoka nilipokaa. Nikaandika 118/76 kwenye rejista na kwenye kadi yake, nikamwambia anywe maji mengi, nikaita anayefuata.

Alhamisi saa saba mchana wanaume wanne walimleta mabegani, amelazwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na ameuma ulimi. Kifafa cha mimba. Kipimo siku hiyo kilikuwa mezani kwangu, na kilipanda mpaka nikadhani kimeharibika. Nilipanda naye gari la wagonjwa, nikamshika mkono njia nzima mpaka hospitali. Yeye alipona. Mtoto wake, msichana, alizaliwa amekufa.

Daktari alikuwa kijana mwenye huruma. Kila kitu kilipokwisha alisimama kando ya kitanda, akachukua kadi, akaisoma, akaniambia, "Juzi tu alikuwa na 118/76. Basi hii imekuja ghafla." Vestine alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nikasema, "Ndiyo, daktari. Ghafla." Neno moja tu. Nimewaambia watu uongo mdogo mdogo maishani kama kila mtu, lakini hilo moja bado nalisikia ninapoosha vyombo.

Miezi miwili baadaye alikuja hapa nyumbani na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Alikuja kunishukuru, maana kwetu aliyeponywa haji mikono mitupu. Alikaa kwenye kiti hicho hicho unachokipenda, cha karibu na dirisha. Ulikuwa na miaka minane. Ulitoka chumbani ukasema vinanukia mvua, ukataka vichemshwe siku ile ile. Nikavichemsha. Ulikula vitatu. Mimi niliweka kimoja kwenye sahani, nikakimenya polepole mpaka mgeni alipoaga, kisha nikampa baba yako. Umeniuliza mara nyingi kwa nini nyumba hii haipiki viazi vitamu, nami nikakujibu kwamba tumbo langu halipatani navyo. Sasa unajua.

Rudi kwenye kompyuta yako. Mashine itaukuta mstari wa Vestine: Jumanne 118/76, Alhamisi kifafa. Itajifunza nini hapo? Itajifunza kile nilichomwambia yule daktari. Itajifunza kwamba ugonjwa huu humwangukia mwanamke mwenye presha nzuri, bila dalili, ghafla. Na haitajifunza hivyo mara moja tu. Itajifunza kwa kila mstari nilioujaza mimi, na kila mstari uliojazwa na mkunga mwingine mwenye ukuta kama wangu. Kisha mtaiweka kwenye simu za wakunga huku na huko, na siku moja msichana mwenye miguu iliyovimba atasema nta kibazo, na simu itamwambia mkunga aliyechoka kwamba huyu ni salama. Mkunga ataamini, kwa sababu yeye mwenyewe anajua amechoka na simu haichoki. Uongo wangu utakuwa unafanya kazi mahali ambapo mimi sijawahi kufika, baada ya mimi kustaafu, na pengine baada ya mimi kufa.

Na vistari vya Faustin, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kweli tupu, mmeviweka pembeni.

Usije ukadhani nakuandikia ili uiache kazi. Ungeniudhi sana. Kuna wenzangu wastaafu wanaosema mashine hizi ni upuuzi wa vijana, kwamba mkono wa mkunga unatosha. Mkono wangu haukutosha. Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliletewa kile kipimo kidogo cha ultrasaundi cha kuchomeka kwenye simu, simu yenyewe inatafsiri picha. Mimi nilikiita televisheni ya tumboni na kukicheka. Siku moja nilimpapasa mama mmoja wa mimba ya nne, mikono yangu ikaniambia yote ni sawa, nikamwambia atajifungulia hapo hapo kituoni kama alivyojifungulia wengine. Muuguzi mdogo akataka kujaribu kifaa. Simu ikasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Nikabishana nayo, unanijua. Tukampeleka hospitali kwa shingo upande, na daktari akathibitisha. Angeanzia uchungu kwetu, angetoka damu mpaka mwisho mikononi mwangu, na mimi nimeshamwambia yote ni sawa. Alijifungua kwa upasuaji, akaja kunionyesha mtoto. Hakujua kwamba aliyepaswa kushukuru ni mimi.

Kwa hiyo naitaka mashine yako. Naitaka kwenye kila kituo. Naitaka iwe kali kuliko mimi na isimwonee haya mkaguzi.

Kitu kingine nilijifunza kwa mama yako mdogo, na hili utacheka. Mwaka jana alikuwa anatoka damu nyingi kuliko kawaida, miezi mitatu, na hakuniambia mimi dada yake mkunga. Aliiuliza simu, akili mnemba kama hiyo yenu. Nilipogundua nilimgombeza pale pale dukani kwake mbele ya wateja. Alinisubiri nimalize, akakunja kitambaa alichokuwa anapima, akasema, "Unaona? Ndiyo sababu niliuliza simu. Simu haigombezi." Simu ilimjibu kwa upole, ikamuuliza maswali, na kwa kweli ikamwambia aende kupimwa, na alipokwenda ulikuwa uvimbe wa kawaida, ukatolewa. Lakini nilikaa nikiwafikiria wanawake wote niliowafokea leba. Niliwaambia wanyamaze. Niliwaambia mbona wakati wa kuitafuta hiyo mimba hawakulia. Nilikuwa na ulimi, Keza, wewe umeuonja kidogo tu. Wanawake wataiambia mashine mambo ambayo hawakutuambia sisi, na sababu ni sisi. Kwa hiyo watakayoiambia myatunze, msiyaache yazagae kwa kila mtu. Na itakapowajibu, wajue kwamba haijaiona miguu yao.

Sasa nikuambie nilichokifanya, kwa sababu baada ya ile Jumapili sikukaa tu na kuhuzunika.

Mwezi uliopita nilikwenda kituoni kumwona mkuu. Ni mgeni, hakunikuta kazini. Nilimwomba anionyeshe rejista za miaka ile na daftari la vifaa. Hilo daftari hakuna anayelipenda. Humo ndimo tulimoandika kipimo kimekwenda kwa fundi tarehe gani na kimerudi lini, na siku kilipokuwa wodini tangu asubuhi. Aliyeliandika kwa uaminifu ni Faustin, kwa mwandiko wake wa kuku. Nilikaa Jumatano tatu kwenye chumba cha chanjo cha zamani, daftari mkono huu, rejista mkono huu. Siku ambazo daftari linasema kipimo hakipo, rejista yangu bado ina presha za watu, nzuri na zimepangika. Yeyote angeweza kuona. Hakuna aliyeziweka meza moja.

Kila mstari wa namna hiyo niliutia alama ya penseli pembeni, nikaandika "sikupima". Mingine sikuwa na hakika nayo, nikaandika "sijui". Ilikuwa mingi kuliko nilivyokuwa nikijiambia. Jumatano ya kwanza nilifika nyumbani nikasema kichwa kinaniuma, na wewe ukanitengenezea chai ya tangawizi. Ilikuwa chai nzuri, ila kichwa kilikuwa kizima.

Nimemwandikia mkuu wa kituo barua yenye jina langu kamili na sahihi. Jana nimempa mkononi. Aliisoma amesimama, akakaa, akaniuliza kama nimefikiria watu watasema nini. Nimefikiria. Kanisani mimi ndiye ninayewafundisha mabinti wanaojiandaa kuolewa, na huenda wakaniomba nipumzike. Wauguzi niliowafundisha wataniangalia tofauti. Nimemwambia barua iende wilayani na iende kwenu, na asiibadilishe neno. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii.

Najua nakuharibia wiki ya kwanza kazini. Utaingia ofisini mgeni, hujajua hata choo kiko wapi, na itabidi uwaambie wakubwa wako kwamba ile rejista safi kuliko zote ndiyo mbovu, na kwamba aliyeijaza ni mama yako. Watu wengine watakushauri kwa upole, wakuambie mashine ina rejista nyingi, moja haitaleta madhara, jina la mama yako lilindwe. Usikubali. Usinifiche. Waambie warudishe za Faustin, na waombe daftari la vifaa kutoka kila kituo kabla ya kuamini hata ukurasa mmoja. Wakikasirika, wewe kaa hapo hapo. Nilikuzaa baada ya siku mbili za uchungu, najua una kichwa kigumu.

Nilidhani barua hii ingeishia hapo. Lakini juzi Alhamisi nilikwenda kwa Vestine.

Nilikuwa sijamwona kwa miaka, isipokuwa kwa mbali sokoni, na mara zote nilibadilisha njia. Shamba lake lingali pale pale, ila nyumba mpya za matofali zimelizunguka pande tatu. Nilimkuta kwenye mkeka uani, anapukuchua maharage. Ana binti sasa, yuko darasa la tano. Akaniita, "Mama Keza, umepotea," akanisogezea kigoda. Siku hizi anauza mboga kwa Wakongomani wa mjini, kwa hiyo akawa ananisemesha Kiswahili chake cha sokoni, kwa furaha ya kunionyesha amekijua.

Nilimwambia yote. Kipimo kilikuwa wodini, sikwenda kukichukua, namba ya kwenye kadi niliitoa kichwani. Nilimweleza na habari ya kazi yako na rejista. Nilisema kwa mara moja bila kupumzika, maana niliogopa nikipumzika nitarudi nyuma. Mikono yake iliendelea na maharage.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Si nilikuwa pale? Ile kitambaa hukunifunga. Mukono ni yangu, nitakosa kujua?"

Akaendelea, "Na hospitali sikulala. Daktari alisoma kadi, akasema presha ilikuwa muzuri, na wewe ukasema ndiyo. Nikajisemea, lakini hawakunipima. Hakuna mutu aliniuliza."

Miaka kumi na mitano, Keza. Nilikuwa nadhani ninalinda siri, kumbe siri ilikuwa kwake tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini basi aliniletea viazi.

"Viazi ilikuwa ya gari," akasema. "Ulinishika mukono njia yote, hukuachia. Ile ya kitambaa iko kando, na ile ya gari iko kando." Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba hasira yake ipo, haikwisha, na nisidhani itakwisha kwa sababu nimekuja na miguu yangu. Mwanawe yule aliyekufa alikuwa na jina tayari. Nikamwambia sidhani itakwisha. Nililia hapo kwenye kigoda, yeye hakulia. Baadaye alinisogezea ungo, tukapukuchua pamoja mpaka maharage yakaisha.

Nilipoinuka kuondoka ndipo akaniuliza kitu ambacho tangu juzi sijakitoa kichwani. "Huyu binti yako na mashine yake. Itaniuliza mimi?"

Nilianza kumweleza kwamba mashine inasoma rejista, na rejista zinaandikwa na wakunga, na nikajisikia ninavyosema. Nikamwambia, "Nitamwuliza Keza."

Basi nakuuliza. Mtu pekee aliyejua kwamba mstari ule ni wa uongo, ukiacha mimi, ni mwanamke aliyeandikwa kwenye mstari. Alikuwepo, ana mkono wake, ana kumbukumbu nzuri kuliko rejista zote. Wapo wengine wengi kwenye kurasa hizo na majina yao mnayo. Sijui kompyuta, sijui hilo mtalifanyaje, na sitajifanya najua. Lakini nina hakika linafanyika, na nina hakika ni wewe utakayelianza.

Nasikia pikipiki nje, huenda ni bodaboda yako, kwa hiyo nafunga. Kesho uwanja wa ndege nitasimama wima na baba yako ndiye atakayelia, kama kawaida yake. Bahasha hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitenge cha mama yako mdogo, uikute ukifika, na kesho nitakuambia ulifungue sanduku kabla ya simu yoyote.

Nyuma yake nimeandika namba ya simu ya Vestine. Amenipa mwenyewe na anajua ni ya kukupa wewe. Ukishaingia chumbani kwako, kabla ya marafiki na kabla ya kuvua viatu, mpigie yeye kwanza. Mimi nitakaa na simu mkononi, nisubiri zamu yangu.

Mama yako